Tawi la Fungu la Saba

Enid Tapscott alilikata tawi asubuhi, umande haujakauka, akalifunga gazeti bichi chini, akalipakata hadi ukumbi wa kijiji kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Maua yake yalikuwa ya rangi ya waridi, yamesongamana kama vitambaa vilivyokunjwakunjwa. Mti wenyewe, mcheri, aliupanda marehemu mumewe mwaka waliooana. Sasa nyumba imeuzwa, na mnunuzi alishasema kwamba pale uliposimama ataegesha gari lake. Enid alipomwomba auache, yule bwana alicheka, akasema ukishinda kwenye maonyesho ya maua ya kijiji atauacha.

Kwake maneno hayo yalikuwa mzaha. Enid aliyashika.

Saa nne watu walitolewa nje, waamuzi wakapita meza kwa meza. Milango ilipofunguliwa, Enid alikuta kadi imeegemezwa kwenye chupa yenye tawi lake, imeandikwa: halikufuata masharti. Tawi halikupimwa hata kidogo.

Alimkuta mwamuzi, mzee Pargeter, karibu na birika la chai, kipande cha keki mkononi. Mzee akamweleza polepole, kana kwamba Enid ameanza shule jana. Fungu la saba, alilojiandikisha Enid, ni la “blossom”, maua ya mti wa matunda. Mcheri wake ni wa pambo, hauzai kitu. Hilo ni “flower”, ua kama ua lolote, na mahali pake ni fungu la tisa. La tisa nalo limeshafungwa.

“Miaka arobaini na mitatu naliita blossom,” akasema Enid. “Na wewe ukipita langoni kwangu unaliita hivyohivyo.”

“Langoni ni langoni, Enid. Hapa kuna karatasi.”

“Mwaka juzi baridi ya jalidi ilikuunguzia mitofaa yako, hukuchuma hata tofaa moja la kumpa funza. Basi yale yaliyochanua yalikuwa nini?”

Mzee akatafuna. Akapangusa makombo kwenye fulana yake ya sufu, akasema keki ya mwaka huu ni kavu kidogo.

Saa kumi kila mtu alikuwa akifungasha vyake. Enid akaichukua ile kadi, akaitia mkobani, akaelekea mlangoni.

“Bi Tapscott,” katibu wa maonyesho akamwita, “unasahau tawi lako.”

“Baki nalo, mwanangu. Mimi nawahi kukaa chini ya matawi mengine, kabla gari la mtu halijafika.”