Mgongo wa Mlima

Naanza kwa kumtaja Mola, aliyeitandaza ardhi na kuikaza kwa milima isiyumbe, na namwomba anijalie subira, kwa kuwa habari hii inahusu kamati.

Wahusika ni hawa. Wa kwanza ni Nkatha, binti wa Meru, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sanaa katika chuo kikuu kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Nyeri, katika muongo wa pili wa Uhuru. Wa pili ni Bwana Simeon Wamae wa Naro Moru, mwenyekiti wa kamati iliyofadhili kazi za sanaa za wanafunzi. Wa tatu ni Bi Warigia wa Chaka, katibu wake. Wa nne ni mlima.

Nkatha aliomba rangi, brashi na mbao za kupandia, ili auchore Mlima Kenya kwenye ukuta wa bwalo la chakula. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa mtihani wake. Asipoimaliza kabla ya chuo kufungwa mwezi wa Novemba, angerudi kwao bila shahada. Pamoja na ombi aliweka mchoro mdogo wa penseli.

Siku ya kikao Bwana Wamae aliuinua mchoro, akaugeuza juu chini, akaurudisha mezani.

"Msichana wangu, hii si mlima."

"Ni mlima, mzee. Nimeuchora nikiwa kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

"Meru."

"Aa! Basi umechora mgongo. Uso iko upande yetu."

"Sisi nasi tunasema nyinyi ndio mnaona mgongo."

Bi Warigia alicheka hata kalamu ikamdondoka. "Ngai! Ati babu yangu aliomba miaka hiyo yote akiangalia kisogo?"

Jambo hilo halikuwa dogo. Wazee wa nchi ile waliuelekea mlima wakati wa kuomba, na kila kijiji kiliamini kwamba upande unaoelekea milango yake ndio uso. Kamati ikaahirisha ombi mpaka uso uthibitishwe kupitia dirisha la ofisi. Mawingu yakatanda, yakakaa. Kila kikao Nkatha aliketi nje kwenye benchi, na kila kikao aliambiwa aangalie juu, kisha aende zake.

Jumatano moja, baada ya chai ya saa nne, mlima ulikuja wenyewe. Ulikuwa umejikunja ukawa na kimo cha ndama. Ulipanda ngazi, ukaketi kando ya Nkatha, theluji yake ikidondoka sakafuni. Sokoni Chaka watu walivua makoti, wakasema leo hakuna baridi, wakaendelea kupatana bei ya viazi.

"Hii iko na miadi?" aliuliza Bi Warigia.

"Ni shahidi wangu, mama."

Walitandika magazeti ili faili zisilowe, wakauweka juu ya meza. Mlima ukazunguka polepole. Upande wa Naro Moru ulipofika mbele yake, Bwana Wamae alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya harusi. Ukafuata upande wa Meru, mwamba kwa mwamba kama ulivyochorwa kwa penseli.

"Inafanana," alisema Bi Warigia.

"Inafanana," alikubali mwenyekiti. "Lakini iambie isimame, tujue mgongo ni gani."

"Hauna mgongo, mzee."

"Kila kitu iko na mgongo."

Mlima uliendelea kuzunguka. Bwana Wamae alivua miwani, akasema kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya: "Sikia, msichana wangu. Chora ile ya Naro Moru, nitaweka sahihi sasa hivi. Nani atajua?"

Nkatha aliuvuta mchoro wake karibu. "Mama yangu atajua. Akija siku ya mahafali, ataniuliza mlima wa kwetu nimeupeleka wapi."

"Basi tumeahirisha."

Mlima uliteremka mezani, ukaondoka kabla ya chakula cha mchana ili ufike kwake mapema. Barafu iliyobaki kwenye magazeti Bi Warigia aliitia ndani ya karai, akapozea soda za wanakamati.

Novemba chuo kilifungwa. Ukuta wa bwalo ulipakwa rangi ya maziwa. Nkatha alirudi Meru, akafundisha watoto kuchora, bila shahada. Fedha za sanaa zilirudishwa serikalini zote, na kamati ikapongezwa kwa uangalifu wake. Mwaka uliofuata ilikutana tena, mwenyekiti akiwa yule yule, kuzungumzia ombi la kijana mmoja aliyetaka kuchonga mto.

Mola awahifadhi wanaongoja bado nje ya mlango ule. Awape magoti yasiyokufa ganzi, na mama wa kuwauliza maswali. Amina.