Dakta Elmina wa Zamu ya Maua

Ijulikane kwa watu wote, walio karibu na walio mbali, wenyeji na wageni, wenye viza na wanaoisubiri, kwamba kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Aprili huduma ya maua katika Ushirika wa Kimataifa wa Injili imekabidhiwa mikononi mwa Dakta Elmina, mtaalamu wa udongo na dada yetu mpendwa katika Bwana.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyosomeka kwenye ubao wa kanisa, na kila aliyelisoma aliridhika. Lilikuwa tangazo la heshima, lenye nembo juu na nafasi nzuri pembeni. Kasoro yake ilikuwa moja tu: Dakta Elmina hakuwako. Hakuwako Kericho, hakuwako Bomet, hakuwako popote chini ya jua. Alikuwa amezaliwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana, kwenye printa ya ofisi ya kanisa, na mzazi wake alikuwa msichana wa kidato cha tatu aitwaye Maxine.

Maxine alikuwa nyumbani kwa likizo. Shuleni, katika bweni la wasichana mia mbili, aliacha sifa ambayo walimu hawakuitaja mbele ya wageni. Muhula uliopita alibandika ilani iliyowaagiza wasichana wote wa kidato cha pili wabebe stuli hadi uwanjani kushuhudia kupatwa kwa jua. Wasichana sitini walikaa wakitazama juu dakika arobaini. Mwalimu wa zamu alikaa nao. Jua halikupatwa na lolote. Maxine alijifunza siku hiyo kwamba binadamu hutii karatasi yenye nembo, na elimu hiyo, tofauti na hesabu za vekta, ilimkaa kichwani.

Kanisa lenyewe lilikutana katika klabu ya zamani ya walowezi wa mashamba ya chai, juu kidogo ya Sosiot, ukishapita kituo cha kununulia majani ambapo baba yake, Bwana Ogada, alikuwa karani wa mizani. Meza ya biliadi ilikuwa bado imo ndani, nzito mno kuhamishwa, nayo ilifunikwa kitambaa cheupe ikawa meza ya chai. Waumini walikuwa watu wa ng'ambo: madaktari wa misheni, wahandisi wa mashine za viwanda vya majani chai, mume na mke kutoka Korea waliofundisha kompyuta Bomet, na Wamarekani wawili wa mradi wa maji kule Kedowa. Wote walikuwa na mkataba wa miaka miwili au mitatu. Kila mwezi kulikuwa na mtu wa kukaribishwa na mtu wa kuombewa safari njema. Walizunguka kiti chake, wakamwekea mikono mabegani, wakaimba, wakalia kidogo, wakanywa chai.

Kwa sababu hiyo walikuwa na adabu moja ambayo Maxine aliigundua akiwa bado darasa la sita. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Wewe ni nani?" Huenda mlishakaribishana. Huenda ulishamwekea mikono mabegani na kulia. Aibu ya kumsahau ndugu katika Bwana ilikuwa kubwa kuliko dhambi ndogondogo nyingi, kwa hiyo mtu akikutana na sura asiyoijua alitabasamu na kusema ni vizuri kukuona tena.

Alhamisi ile Mama Rebeccah, Mwaustralia mpole aliyetunza orodha ya zamu, alimwomba Maxine amsaidie kuchapa zamu za Aprili. Kanisa lile liliishi kwa zamu: zamu ya usomaji, zamu ya biskuti, zamu ya watoto, zamu ya projekta. Wanaojitolea walijiandika kwa kalamu kwenye karatasi ubaoni, kisha karatasi ikachapwa. Kwenye maua palikuwa wazi. Maxine aliitazama nafasi ile, nayo ikamtazama. Akachukua kalamu akaandika: Dakta Elmina. Kisha, kwa kuwa mkono ukishaonja haukatazwi, akachapa na lile tangazo.

Chelangat, rafiki yake, ambaye ng'ombe wa kwao ndio waliotoa maziwa ya chai ya kanisa, alipolisoma aliweka mtungi chini.

"Max, hii itakuchomea."

"Nani ataniuliza? Hawa watu hawaulizangi."

"Na maua je?"

Maua yalikuwa jambo rahisi. Jumapili asubuhi Maxine alikata yale ya buluu yanayomea kando ya mfereji, akayapanga katika jagi, akaingia na kutoka kwa mlango wa jikoni. Baada ya ibada watu walilizunguka jagi wakasema Dakta Elmina ana mkono mwepesi. Mama Rebeccah alisema ndivyo alivyo, hapendi kujionyesha.

Kuanzia hapo mtoto alianza kukua bila mzazi. Daktari mmoja alikumbuka kukutana naye Bomet kwenye mkutano wa wakulima. Mhandisi kutoka Sri Lanka alisema walikula chakula cha mchana pamoja, na kwamba hali nyama. Jumapili ya pili mtu asiyejulikana aliandika kwenye kadi za maombi kwamba goti la Dakta Elmina linamsumbua, na Mchungaji Seth, Mkanada mrefu mwenye sauti ya kutuliza punda, aliliombea goti hilo dakika nne kamili. Kadi ile haikuandikwa na Maxine. Alikaa kwenye projekta akageuza mistari ya wimbo huku nywele zikimsimama, maana hata yeye alianza kujiuliza goti lipi.

Akaamua kumhamisha. Alitunga tangazo la pili, la huzuni na taadhima, kwamba Dakta Elmina ameitwa Peru na udongo wa huko. Angelibandika Jumapili ya mwisho ya likizo, baada ya ibada, kanisa limwimbie mtu wa hewa, kisha Jumanne yeye arudi shule akiwa safi kama sahani.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba Jumapili hiyohiyo kanisa lingemchagua mzee mpya wa baraza.

Alilijua Jumamosi mchana. Alikuwa akienda kuanua nguo aliposikia baba yake nyuma ya zizi akiongea Kiingereza. Alichungulia. Bwana Ogada alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe, amevaa koti ambalo mkewe, Molly, alikuwa amelipeleka Sosiot kupunguzwa mikono.

"Ndugu zangu," alikuwa akimwambia ng'ombe, "sikutarajia heshima hii."

Ng'ombe alitafuna. Bwana Ogada akajirekebisha, akaanza tena kwa sauti ya chini zaidi.

Jikoni mama yake alimweleza yote kwa kunong'ona. Mchungaji alikuwa amemdokezea Baba kwamba jina lake litapendekezwa. Katiba ya kanisa haikusema mzee awe na pasipoti ya wapi, ilisema tu awe mtu anayetumika kwa uaminifu. Lakini imetokea tu kwamba tangu mwanzo wote wamekuwa watu waliokuja kwa ndege. Baba alikuwa amefungua mlango wa kanisa miaka kumi na moja, amepanga viti, amewasha jenereta, amewatafsiria kwenye matanga ya vibarua. Wakati mmoja alikaribia kuombwa awe mzee, akaja mtaalamu wa mabwawa kutoka Ujerumani, akapewa yeye, akaondoka baada ya miezi saba.

"Jana usiku ameniambia, Molly, nimefungua mlango vya kutosha, Jumapili nitakaa ndani," Mama alisema. "Usimwambie nimekwambia."

Maxine hakumwambia. Alienda kuanua nguo, akazikunja zote vibaya.

Jumapili kiti kilikuwa kimoja. Baada ya ibada watu walibaki wamekaa na vikombe vyao, chai ya rangi na maziwa kando, kama walivyoipenda wao. Mhandisi wa Sri Lanka alisimama akapendekeza jina la Bwana Ogada, na watu wakapiga makofi ya kweli. Maxine alipumua. Alikuwa nalo tangazo la Peru mfukoni, na aliapa moyoni kwamba hilo ndilo litakuwa la mwisho, au karibu na la mwisho.

Ndipo Mama Rebeccah akainua mkono. Alisema anampenda Bwana Ogada kama ndugu, lakini dhamiri yake haitamruhusu kunyamaza. Kuna mtu kati yao ambaye ametumika mwezi mzima kwa siri, huku anaumwa, bila kungoja hata kushukuriwa. Alimpendekeza Dakta Elmina.

Ukumbi ulinguruma kwa upole, ule mngurumo wa watu wanaoguswa. Yule daktari wa mkutano wa Bomet aliunga mkono. Mmarekani wa Kedowa alisema yeye binafsi amejifunza mengi kutoka kwake. Mchungaji Seth akatazama huku na huku, kisha akamgeukia mtu mmoja ambaye angepaswa kujua.

"Bwana Ogada, wewe husimama mlangoni. Dakta Elmina yupo leo?"

Bwana Ogada alisimama. "Mchungaji, mimi simjui."

"Humjui vipi?"

"Sijawahi kumfungulia mlango. Nimeona maua. Mtu sijamwona."

Mama Rebeccah ndiye aliyemjibu, tena kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyouma.

"Bwana Ogada, si lazima tumpunguze mwenzetu ili sisi tuonekane. Kiti ni kimoja, lakini sote tunapendwa."

"Sijampunguza, Mama. Nimesema sijamwona."

Mtu wa nyuma alikohoa. Mchungaji alisema labda ingekuwa vyema kuomba kwanza kuhusu roho ya mashindano. Bwana Ogada aliendelea kusimama kidogo, kama mtu aliyesahau mahali kiti chake kilipo, kisha akasema kwa utaratibu kwamba kama mambo ni hivyo, basi jina lake liondolewe. Akakaa. Koti lilimpanda mabegani, naye hakulishusha.

Maxine aliyaona yote kutoka kwenye projekta. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita na ulimi ambao haujawahi kumwangusha, na sasa ulikuwa umelala mdomoni kama ulimi wa kiatu. Alijiambia atasema baada ya maombi. Baadaye alijiambia ataandika barua.

Mwokozi alitoka upande usiotarajiwa. Yule mama wa Korea alikuwa na wiki tano tu nchini, bado hajafundishwa adabu ya pale. Aliinua mkono akaomba radhi, akauliza huyo dada ni nani, na nani alimkaribisha, kwa maana yeye angependa kwenda kumpelekea supu kwa sababu ya goti.

Daktari alimtazama mhandisi. Mhandisi alikitazama kikombe chake. Ilianza kuonekana, taratibu, kama ukungu unavyopanda kutoka kwenye mistari ya chai, kwamba kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake.

Mama Rebeccah, uso ukiwa umeanza kuiva, alifungua faili lake akasema Dakta alijiandika mwenyewe, karatasi hii hapa, kwa kalamu. Karatasi ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Mchungaji, na Mchungaji, ambaye hakuwa mtu mbaya na alikuwa ameanza kujuta, akampa Bwana Ogada aitazame.

Bwana Ogada alivaa miwani. Aliitazama jinsi anavyoitazama sindano ya mizani, bila haraka, mpaka itulie. Aliikunja mara mbili. Angeweza kuirudisha na kusema mwandiko haujui, wala hakuna ambaye angemuuliza tena. Aliishika tu mapajani, na bila kugeuka nyuma akaita jina ambalo kanisani halikuwahi kusikika, jina la nyumbani.

"Ayoo."

Maxine alisimama. Mwanga wa projekta ulimpiga, ubeti wa tatu wa wimbo ukamwandikika kifuani. Kiingereza chake cha bweni, kile chenye taadhima, kilimkimbia chote, akajikuta anasema kwa Kiswahili.

"Ni mimi. Dakta Elmina hayuko. Hajawahi kuwako. Mimi ndiye niliandika jina, mimi nikachapa tangazo, na maua nilikuwa nakata kwa mfereji. Goti si mimi. Goti sijui lilitoka wapi."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya amekohoa. Mhandisi wa Sri Lanka alitafsiri kwa wasioelewa, na alipofika kwenye sehemu ya kwamba hajawahi kuwako, alisita, kwa kuwa alikuwa amekula naye mchana.

"Nilidhani mtauliza," Maxine akaendelea. "Siku ya kwanza tu. Nilidhani mtu atauliza huyu ni nani, tucheke, iishe. Hamkuuliza. Halafu leo Baba amesema ukweli, peke yake, mkamwona ana wivu, na mimi nilikuwa hapa na nikanyamaza. Hiyo ndiyo mbaya. Hiyo si mchezo."

Mama Rebeccah alikuwa amefunika mdomo kwa faili. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Bwana Ogada, mimi nimekosa." Mchungaji Seth naye alisimama, akasema kanisa limemkosea ndugu yao, na akapendekeza jina la Bwana Ogada lirudishwe sasa hivi, wapige kura, wamalize. Mikono ilianza kupanda ukumbi mzima kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Bwana Ogada aliinua wake pia, lakini kiganja kikiwatazama wao, kama anavyosimamisha foleni ya magunia.

"Mikono chini kwanza, Mchungaji. Mtoto wangu hajamaliza."

Ndipo akageuka kumtazama, miwani ikiwa imeshuka puani. Hakuwa amekasirika; hasira Maxine angeitamani zaidi.

"Endelea. Kuna lingine?"

Kulikuwa na lingine. Maxine alitoa karatasi ya Peru mfukoni, akaikunjua, akaanza kuisoma kwa sauti mbele ya watu wote, kuanzia nembo hadi mwisho.