Kufuli Moja Lililobaki

Asubuhi ile Mireille Daigle alirudishwa kwenye gari, theluji ikimfika magotini, kwa sababu ya kufuli.

"Bosi wangu ameshaweka lake," alikuwa amemweleza mama wa dirishani, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Linatutosha sote wanne."

"Kwani bosi wako ndiye atakayeungua badala yako?" Bi Odile hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari. "Kufuli lako liko wapi, binti?"

"Garini."

"Basi gari si mbali."

Wenzake wakaangua kicheko. Normand, bosi wao, akagonga kaunta. "Mama, mtoto wa watu ataganda huko nje!"

"Akiganda tutamyeyusha. Akiungua je?"

Ndivyo mambo yalivyokuwa katika kiwanda kile cha karatasi kando ya Mto Saint John, kaskazini kabisa mwa Maine. Fundi wa kampuni ya nje, awe bingwa namna gani, alipita kwa Bi Odile kwanza. Umeme wa mashine ulizimwa kwenye swichi kuu, swichi ikafungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ukatiwa katika sanduku jekundu pale dirishani. Kisha kila fundi alitundika kwenye sanduku kufuli lake mwenyewe, lenye picha yake, na ufunguo wa kufuli hilo akakaa nao mfukoni. Sanduku halikufunguka mpaka kufuli la mwisho litoke, na bila ule ufunguo wa ndani hakuna aliyeweza kuwasha umeme.

Mireille alirudi na lake, masikio yakimuuma kwa baridi na uso ukimwaka kwa aibu. Akalitundika. Kutwa nzima alimchukia kidogo yule mama.

Walikuja kubadilisha mota tatu za mkanda unaopeleka magogo. Alasiri kazi ikaisha, wakaanza kupakia vifaa garini. Mireille alikuwa ameshavua koti na kulitupa kwenye kiti cha gari, joto la kazi lingali mwilini, ndipo shaka ilipomwingia. Ile nati ya mwisho ya kubana waya kwenye mota ya tatu, aliikaza kwa spana, au aliizungusha kwa vidole tu? Angemwambia Normand, wangemtania hadi nyumbani. Kwa hiyo alimficha. Akarudi ndani peke yake, akatambaa chini ya mkanda mahali ambapo mtu aliyesimama hamwoni, akafungua kifuniko cha mota.

Nati ilizunguka kwa kidole. Ilikuwa imelegea kweli.

Vidole vyake vilikuwa katikati ya nyaya tatu aliposikia akiitwa.

"Mireille Daigle!" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima anayehema. "Kama umo humu, jibu! Na ujibu kwa nguvu, usininong'oneze!"

"Nipo! Huku chini!"

Aliona viatu kwanza, kisha uso wa Bi Odile ukiinama, mkono mmoja kiunoni. Nyuma yake alisimama Whitcomb, mkuu wa zamu, ameshika mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Normand alikuwa kando, amepauka.

"Kumbe yumo," Whitcomb akasema polepole.

"Niliona koti lako kitini," Normand alisema. "Nikadhani umelala huko garini. Tukatoa makufuli yetu. Likabaki lako."

"Kila wiki kuna fundi anayesahau kufuli na kwenda zake kula," Whitcomb akasema, kama anayejitetea. "Mashine imelala tangu asubuhi. Nikasema tulikate."

"Na mimi nikamwambia likate." Normand alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi, Mireille. Kwa mdomo wangu huu."

"Nami nikasema hakuna anayekata kitu mpaka niuone uso wake," Bi Odile akasema. "Huu wa kwenye picha. Huyo wa kulala garini sikumwona."

Whitcomb aliuweka ule mkasi sakafuni taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Mireille aliangalia vidole vyake, vyote kumi, vimejaa grisi. Kisha akachukua spana, akaikaza ile nati. Hakuna aliyemharakisha.

Kesho yake walirudi kumalizia mkanda wa pili. Mireille alifika dirishani mbele ya wenzake wote, ameshika kifurushi kilichofungwa kwa taulo la jikoni. Ndani mlikuwa na ploye za bibi yake, chapati zile za maji zenye matundu matundu, bado moto, na kichupa cha utomvu mtamu wa mti wa mepo, mzito kama asali. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno mazuri. Yakapotea yote.

"Nimeshatundika," akasema.

"Nimeona."

"Bi Odile." Akakisogeza kifurushi kwenye kaunta. "Asante kwa kunirudisha kwenye gari."

Yule mama akafungua taulo, akanusa, akakunja ploye moja kama anayekunja barua. "Baridi ilikuwa kali?"

"Kali sana."

"Pole, mwanangu." Akaitafuna, machozi yakimlengalenga, labda kwa mvuke wa chapati. Kisha akachungulia nyuma ya bega la Mireille, alikosimama Normand akijipapasa mifuko, wa kwanza, wa pili, wa suruali, kufuli lake halionekani.

"Bosi," Mireille akamwambia, kwa sauti iliyowageuza hata watu wa mlangoni, "nikusindikize garini?"