Miguu ya Darasa la Nne

Mwalimu Mpya alifuta ubao, akaufuta tena, kisha akatambua kwamba anafuta ubao uliokwisha kutakata. Leo mkufunzi wa chuo angekuja kumkagua akifundisha. Akimwangusha, atarudia mwaka mzima, na mama yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake ni mwalimu. Mama akipata habari njema hana breki.

Mwalimu mkuu, bibi mpole aliyekaribia kustaafu, aliingia akamwonyesha msichana wa dawati la mbele.

"Mwanangu, huyu Chaki mpeleke nyuma kabisa. Mwambie asiinuke mpaka kipindi kiishe."

"Akikaa nyuma haoni kitu, mama."

"Najua. Lakini mgeni akimwona anazurura, utakatwa alama wewe. Funika kombe mwanaharamu apite. Kesho atarudi mahali pake."

Macho ya Chaki yaliona vya karibu tu. Kila ubao ulipoandikwa aliinuka, akaubandika uso, akasoma mstari mmoja, akarudi kuunakili. Kufika jioni pua yake ilikuwa nyeupe pe, na jina likamwangukia. Mwenyewe alilicheka.

Mlango ulikuwa nyuma, na kati ya madawati palikuwa na njia moja nyembamba. Ndala za Chaki zikisikika akiingia au akitoka, watoto walivuta miguu yao chini ya madawati, mmoja baada ya mwingine, huku wakiendelea na mambo yao. Hakuna mwalimu aliyewaamuru. Mwalimu Mpya alipoliona hilo wiki ya kwanza, alijua kwamba chuoni hawakumfundisha kitu.

"Nimekosa nini, mwalimu?" Chaki aliuliza akikusanya madaftari yake.

"Hujakosa. Ni leo tu."

Aliona haya kusema hivyo, lakini alisema.

Mkufunzi alifika, akaketi nyuma karibu na Chaki, akaweka mkoba wake njiani. Somo lilianza vizuri. Hesabu za kutoa zilijaa ubaoni, vichwa vikainama, kalamu zikaenda. Chaki peke yake alikaa wima, mikono juu ya daftari tupu, ametulia kama alivyoagizwa. Hilo lilimchoma Mwalimu Mpya kuliko kama mtoto angelia. Akapiga moyo konde.

"Chaki, mama, njoo ubaoni."

Miguu ikaanza kuvutwa. Mkoba haukuvutwa. Chaki alijikwaa, akaenda chini mzima mzima. Hakuna aliyecheka. Aliinuka, akapangusa magoti, akaenda zake mbele na kuweka pua ubaoni. Mkufunzi akausogeza mkoba kidogo, akatikisa kichwa.

Kipindi kilipokwisha watoto walisimama kushukuru, naye mkufunzi akapita katikati yao hadi mbele. Wakaketi. Akazungumza kwa sauti ya chini, bila hasira.

"Mtoto anatembea wakati wa somo, na anayemwita ni mwalimu mwenyewe! Tena umeona, kaanguka."

"Kajikwaa kwenye mkoba wako, mwalimu. Na haoni mbali. Wewe ndiye uliyetufundisha Elimu Jumuishi."

Kweli alikuwa yeye. Alisimama ukumbini muhula mzima akiwasomea maana na faida zake, nao wakaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Mtoto wa aina ya Chaki hawakuletewa hata mmoja.

"Ile ilikuwa ya mtihani," alisema mkufunzi, "na ulifaulu vizuri sana, nakumbuka. Hapa natazama utulivu wa darasa. Utarudia mwakani, binti yangu. Usivunjike moyo."

Mwalimu Mpya alifikiria mama, na majirani wa mama.

"Nimeelewa," akasema.

Mkufunzi akachukua mkoba, akashika njia ya kurudi mlangoni. Kwenye dawati la kwanza akakutana na mguu. Akasubiri. Mguu ulibaki pale pale, na mbele yake mingine, kushoto na kulia, imenyooshwa njiani mpaka mwisho, na wenye miguu wameinamia hesabu zao kwa adabu kubwa.

"Mwalimu," aliita, "waambie wavute miguu."

Mwalimu Mpya aliokota kitambaa, akawapa mgongo, akaanza kufuta ubao polepole kutoka pembeni. Nyuma yake alisikia viatu vya mkufunzi vikinyanyuliwa na kutuliwa, kimoja kimoja, hadi mlangoni.