Mgeni Aitwaye Ndugu 40

Baba alipostaafu kazi ya kupeleka barua, binti yake alimwandikia programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ya kuchapa kadi za mwaliko wa sherehe yake. Akamwachia mama maelekezo: andika neno kadi, kisha -k na namba ya kiti, kisha jina la mgeni.

Mama akaandika: kadi -k 40 Shangazi.

Zikatoka kadi mbili. Moja ya Shangazi, haina kiti. Nyingine ilisema: "Ndugu 40, unakaribishwa sana." Na kwa wageni wote ikawa vivyo hivyo.

"Mama, uliandika nini?" binti aliuliza jioni.

"Ulichoniambia. Usinitafutie lawama."

Binti akaketi na kompyuta. Akaiamuru programu ionyeshe kila neno inalopokea. Yote yalifika salama. Akajaribu kuunganisha, -k40. Ikalalamika kwamba haitambui herufi 4, wala haitambui 0.

"Irudishe darasa la kwanza," mama alisema.

Saa nzima ilipita ndipo akaona. Kwenye mstari unaotaja herufi za kuamuru programu, k ilikuwa peke yake. Ilitakiwa ifuatwe na nukta mbili, alama ya kwamba neno linalofuata ni mali yake. Bila hizo, 40 ilibaki haina mwenyewe, ikachukuliwa kuwa jina la mgeni.

Akaziweka. Ikatoka kadi moja safi. Akageuka ili azichane zile za ajabu, akakuta meza tupu.

"Baba yako amezipeleka," mama alisema.

"Zote? Ndugu 40 ni nani?"

Baba alikuwa mlangoni anavua viatu. "Nyumba namba 40, geti la bluu. Amefurahi mpaka machozi. Anauliza kama aje na mkewe."

Siku ya sherehe ukumbi ulifurika. Ndugu 27, daktari wa meno, alitoa hotuba ndefu kuhusu urafiki wake na baba, ulioanza Jumanne. Ndugu 40 alikaa kiti cha arobaini, na Shangazi akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mimi ndiye 40," mzee alisema kwa upole, akionyesha kadi. Ya Shangazi haikuwa na namba yoyote.

Ikabidi binti aeleze kisa chote, ukumbi mzima ukisikiliza.

"Nukta mbili tu?" Shangazi aliuliza.

"Mbili tu, Shangazi."

"Haya, simama. Nipe kiti chako."