Kimya cha Chumba cha Kushonea

Nitegulie hiki, wewe uliyekaa karibu nami: kila nyumba inacho, hakuna anayekinunua, mafundi huja kukichota kwa mashine, na ukijitia kuwasaidia, unakimwaga. Usinipe mji bado. Jibu utalikuta njiani.

Alikuwepo mwanamke fundi wa sauti za filamu, wenzake wakamwita Masikio. Usidhani kila unachosikia kwenye filamu kimetoka pale unapotazama. Ile mvua inayokufanya ujikunyate, ni Masikio anamwaga mchele kwenye sinia. Moto unaoteketeza jumba zima, ni Masikio anafinyafinya mfuko wa nailoni. Shujaa akivunjika mguu, ni karoti, na baadaye karoti hiyo hiyo inaliwa.

Studio yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka nyumba aliyoishi na wazazi wake. Nje, juu ya mlango, palikuwa na taa nyekundu, na kando ya mlango benchi. Taa ikiwaka, Masikio anarekodi. Simu zimezimwa zote, na hata kubisha hodi hakuruhusiwi. Siku moja baba yake, fundi cherehani mwenye maneno kama redio, aliingia taa ikiwaka, bakuli mkononi. "Mwanangu, umekula?" Kazi ya asubuhi nzima ikaharibika. Masikio akamkaripia mbele za watu: "Baba, ukiona hiyo taa, hata kama nyumba inaungua, keti kwenye benchi usubiri."

"Nimesikia, bosi wangu," baba akasema. Watu wakacheka, na yeye akacheka nao.

Kisha mama akaugua, akalala kitandani miezi minne. Mchana mmoja Masikio alirudi kutoka kazini akakuta mama ameshafariki, na baba amepiga magoti kando ya kitanda, viatu vya kutokea vikiwa bado miguuni.

"Baba, mama alisema nini mwisho?"

Baba akamtazama. Na tangu saa ile hakutoa neno tena, si kwa binti yake, si kwa wateja. Madaktari wakamulika koo, wakasema ni zima, halina hata mkwaruzo. Mzee akawa anaandika kwa chaki yake ya kushonea kwenye vipande vya kitambaa: *Chumvi imekwisha. Lala mapema. Umekonda.* Lakini lile swali, kila alipoulizwa, aliiweka chaki chini. Miaka mitatu ikapita, Masikio akaacha kuuliza.

Ndipo mwongozaji mmoja, waliyembandika jina la Kata kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni, akasikia habari za fundi wa nguo asiyesema. Akaomba kumpiga filamu ya maisha yake. Mzee akaandika *Sawa*. Wakamrekodi siku mbili, kisha Kata akampelekea Masikio kazi yote mezani.

"Nimekuletea cherehani, mkasi, pasi, na kimya cha chumba," akasema, akimenya karanga.

Hilo ndilo jibu lako. Kila chumba kina kimya chake, na mafundi hurekodi dakika moja ya kimya hicho ili wakitandike chini ya picha, pasisikike pale zilipounganishwa.

"Kimya umekichota vizuri? Mara ya mwisho uliniletea kimya chenye jogoo."

"Safari hii tulitoka nje wote. Nilimwachia mzee mashine inazunguka, nikamwomba akae kimya dakika moja tu."

"Baba yangu? Ulimwomba akae kimya?"

"Mazoea, dada. Nisamehe bure."

Masikio akacheka, akavaa hedifoni. Akasikia feni. Akasikia saa ya ukutani. Mlango ukafungwa, nyayo za akina Kata zikapotea. Kisha mtu akakohoa, kikohozi cha kusafisha koo.

"Bibie, umewasikia hawa? Wananiambia mimi nikae kimya. Mimi."

Masikio akazibana hedifoni kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti ile ile ya baba akimwita mama kama zamani, imechakaa kidogo, na kicheko chake kile kile cha puani.

"Vipi, jogoo tena?" Kata akauliza.

Masikio akamwinulia kiganja asubiri.

"Mtoto hajambo," sauti ikaendelea. "Ila amekonda. Bibie, lile swali lake bado ninalo hapa kifuani. Sijui niliweke wapi." Kisha mlango ukalia, na Kata akasikika akisema, ahsante sana mzee.

Masikio akarudia kusikiliza mara tatu. Masikio yake, ambayo watu waliyalipia, yalikaa nyumba moja na sauti hii miaka mitatu yasiisikie. Akaichomoa mashine, akainuka. Kata akamuuliza anakwenda wapi na kazi; alikuwa keshatoka.

Alimkuta baba anatunga uzi kwenye sindano. Hakumwamkia. Alimvisha hedifoni taratibu, akabonyeza.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Uzi ulimponyoka. Alizivua hedifoni, akazilaza juu ya suruali ya mtu, na mkono wake ukaanza kutafuta chaki. Masikio akaiwahi, akaifumbata.

"Usiandike, baba. Sikuja kugombana. Mama alisema nini?"

Feni ikazunguka. Saa ikahesabu. Mzee akatazama mlango, kama mtu anayepima umbali, kisha akamtazama binti yake.

"Alisema nikuite," akasema. "Nikapiga simu, imezimwa. Nikavaa viatu, nikaja mbio. Nikakaa pale kwenye benchi, mwanangu, nikasubiri wee, na niliporudi nikamkuta ameshakwenda. Taa ilikuwa nyekundu."