Kipande cha Ushahidi

Mume wangu ana bucha, na watu wote wanamwita Steki. Hata mimi namwita hivyo, isipokuwa nikikasirika. Hapo namwita Baba Watoto, na yeye akisikia Baba Watoto huanza kutafuta viatu vyake kwa macho. Bucha aliirithi kwa baba yake, pamoja na gogo la kukatia, mizani, kulabu nane na desturi moja ambayo sijaiona kwenye bucha nyingine yoyote. Mtu akija kuagiza nyama ya shughuli, Steki hukata kipande kutoka kwenye paja lile lile atakalomuuzia, hukichoma kwenye jiko dogo la mkaa pale mlangoni, kisha hukila mbele ya mteja. Tunakiita kipande cha ushahidi. Marehemu baba mkwe alikuwa akisema muuzaji akila, mnunuzi analala usingizi.

Mimi asubuhi nafunga nyama kwenye karatasi pale bucha, halafu kabla ya saa sita narudi nyumbani, naanza kupika. Na kupika najua. Wengine husema hawajisifu, mimi najisifu. Mchuzi wangu wa nyama ukichemka, jirani aliyeshiba anakumbuka kuja kuomba kiberiti. Kwa miaka ishirini na sita Steki alikula mchuzi huo kila jioni, akajifuta midomo, akasema, "Mikono yako ina baraka." Watoto walikua, wakaoa, wakaolewa, wakaondoka, na yeye akaendelea kusema vile vile, na mimi nikaendelea kuamini.

Ningekuwa mtu wa kuangalia vitu, ningegundua kwa paka. Tulikuwa na paka jike, mwembamba wa kuhesabika mbavu, akaanza kunenepa mpaka panya wakawa wanapita mbele yake bila haraka. Nikajua ana mimba. Nikamtandikia gunia kuukuu kwenye kona ya jikoni. Nilimngojea azae miezi mitano, na mimba ya paka haifiki hata mitatu. Nikajiambia huyu wetu hapendi kuharakishwa.

Kilichonizindua ni jani. Alhamisi moja jioni Steki alirudi kazini, akacheka kwa jambo nililomwambia, na katikati ya meno yake nikaona kipande cha jani la mboga, kijani kabisa, kimekaa kama kimepanga chumba. Nyumbani kwetu mboga ya majani ilikuwa haijaingia tangu Jumapili. Na mchana yeye hubaki bucha, akiniambia anakunywa chai na mkate. Chai haina majani ya namna ile.

Nilimpakulia, nikamwangalia akila, nikaona anavyochovya chovya, anavyoziviringisha nyama pembeni ya sahani. Mtu anayetoka kazini bila njaa ameshiba mahali. Na mahali hapo pana sufuria, na sufuria ina mwenyewe.

Kesho yake mchana nikajifunga mtandio, nikachukua mwiko mkubwa, sijui wa nini, nikaenda kusimama kwa fundi viatu, mkabala na bucha. Saa saba kamili Steki akavua aproni, akarudishia mlango, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, akavuka barabara. Akaingia kwenye kibanda cha mboga, kwa mlango wa nyuma. Nikavuka nyuma yake. Nilimpenda yule mtu, na nilimpenda zaidi wakati ule ambao nilitaka kumpasua kichwa kwa mwiko.

Niliingia bila hodi. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya kreti la nyanya, sahani ya maharage na mboga magotini. Aliyekuwa akimwongezea ni mwenye kibanda, Bibi Mboga, mjane wa miaka sabini na meno matano. Nilitazama nyuma ya magunia ya viazi. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Baba Watoto," nikasema.

Kijiko kikamwanguka. Akatazama viatu vyake.

"Mwambie mkeo, mwanangu," Bibi Mboga akasema. "Mimi nimechoka. Kwa umri wangu huu nifiche mume wa mtu, watu wataniweka wapi?"

"Sili nyama," Steki akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kuiba sadaka.

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

"Na mchuzi wangu?"

Akainama kuokota kijiko.

"Steki, mchuzi wangu huwa unakwenda wapi?"

"Mchuzi nakunywa kidogo," akasema. "Nyama... nyama anakula paka."

Nawaambieni kweli, ningemkuta na mwanamke ningejua pa kuanzia. Huyu ningemshika nywele, yule ningemfungia mlango. Lakini maharage utayafanya nini? Nilisimama pale na mwiko wangu mpaka Bibi Mboga akaniuliza kama nimekuja kumsaidia kukoroga.

Njiani Steki akanieleza, anatembea hatua moja nyuma yangu. Hakuota ndoto, hakuugua, hakuhubiriwa na mtu. "Siku moja nilikuwa nakata mbavu, mke wangu, nikasikia nimetosheka. Basi. Kama mtu anayesukuma sahani mbele, anasema asanteni. Nikangoja hamu irudi, haikurudi. Nimekula nyama tangu sijaota meno. Nadhani sehemu yangu nimeimaliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unaweka moyo wako kwenye ile sufuria," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Na vile vipande vya ushahidi? Alikuwa anatafuna mbele ya mteja, anatabasamu, kisha anazunguka nyuma ya bucha kana kwamba anafuata kisu, anatema. Mara mbili alitapika.

Mtu mwenye busara angemhurumia. Mimi nilinuna wiki nzima. Kila nilipomtazama paka niliona nimechekwa. Nyama niliyokaanga kwa vitunguu viwili, niliyoiangalia moto usizidi, miezi kumi na minane, imemnenepesha paka! Na ile "mikono yako ina baraka" ilinichoma kuliko yote, maana sikujua tena ni ipi ilikuwa ya kweli na ipi ilikuwa ya paka. Hasira ikishakuzidi unatafuta pa kuitua, na mimi nikaenda kuitua kwa wifi yangu, dada yake Steki. Nikamwambia, nikamwapisha. Wifi yangu ana roho nzuri, ila kinywa chake hakina mlango.

Siku tatu tu, mtaa mzima ukajua. Mteja mmoja akainusa nyama kabla ya kulipa, jambo ambalo halijapata kutokea kwenye bucha ile. Mwingine akauliza ng'ombe alitoka wapi, na alikuwa anatembea vizuri? Wanawake wawili tuliowauzia tangu wakiwa wachumba wakaanza kwenda bucha ya ng'ambo ya barabara, wakipita kwetu wanaangalia juu kama wanatafuta mvua. Nikasikia kwa masikio yangu mtu akisema, "Mwenyewe haili. Ameona nini humo?" Na mwingine, "Ameshaingia dini." Na wa tatu, "Hapana, ni ugonjwa, mwanaume mzima huwezi kuishi kwa majani, labda una kwato." Steki alisikia pia. Aliendelea kunoa kisu.

Alijua nani amesema. Dada yake angeambiwa na nani mwingine? Lakini hakuniuliza.

Jumamosi akaja Mwenyekiti. Huyu ni mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kila kamati ya harusi, mtu ambaye hata akikusalimia unahisi unasahihishwa. Alitaka ng'ombe wawili kwa harusi ya mpwa wake. Watu kama kumi walikuwa kwenye foleni, na wengine ambao hawakuwa na haja ya nyama wakasogea, maana walijua kitakachofuata.

"Mzee Steki," Mwenyekiti akasema, "mtaani kuna maneno. Mimi si mtu wa maneno. Kula kipande chako, tuandikiane, twende nyumbani."

Steki akakata kutoka pajani, kipande kizuri, cha ukubwa wa kiganja. Akakiweka juu ya mkaa. Sote tukasimama tukisikiliza mafuta yakidondoka. Nilikuwa nyuma ya meza na karatasi zangu, naona shingo yake kwa nyuma, na ile shingo ilikuwa imelowa jasho. Watu walikuwa wamejaa mlangoni hadi ubavuni. Njia ya kuzunguka nyuma, akateme, haikuwepo.

Akakichoma kwa uma, akakiinua. Kabla hajakifikisha mdomoni akanitazama. Nilitegemea lawama, na nilistahili. Hakukuwa na lawama hata chembe. Alinitazama jinsi anavyonitazama nikimwekea sahani, kama mtu anayejiandaa kusema ni tamu. Alikuwa anakwenda kumeza kile kitu kwa ajili ya bucha ya baba yake, na kwa ajili yangu niliyemwaga siri yake.

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Nikaacha karatasi zikapeperuka, nikamnyang'anya uma, nikakitia kile kipande mdomoni, chote. Kilikuwa cha moto, kiliniunguza ulimi, machozi yakanitoka.

"Mume wangu hali nyama," nikasema huku natafuna. "Ni kweli. Mimi ndiye niliyewaambia, na sikuwa na haki ya kuwaambia."

Nikameza.

"Sasa nawauliza. Mchimba makaburi, huwa mnamwambia alale kwanza muone kama panatosha?"

Mtu akacheka kule nyuma. Nikapata nguvu.

"Huyu mtu hajapata kuuza nyama iliyolala. Kidole chake hakijapata kugusa mizani. Anachotia tumboni mwake ni chake, kama nyinyi mnavyotia vyenu, na wengine hapa najua mnavyotia, sitaki kutaja. Mnataka ushahidi? Nimekula nyama ya bucha hii miaka ishirini na sita. Niangalieni!" Nikajigeuza wanione pande zote, maana Mungu hakuninyima mwili.

Hapo walicheka wote, hata fundi viatu kule alikokaa. Mwenyekiti peke yake hakucheka.

"Na asiyekula nyama," akauliza, "atajuaje kama ni tamu?"

"Ataniuliza mimi," nikasema.

Mwenyekiti akafikiri, akaandika, akafuta, akaandika. Akachukua ng'ombe mmoja badala ya wawili, wa pili akaenda kumtafuta ng'ambo ya barabara. Sikumlaumu, nusu ya imani nayo ni imani. Wale wanawake wawili mpaka leo hawajarudi, na huwa tunasalimiana kwa nyusi. Waliobaki wamepata cha kutania. Mteja akija anamletea karoti: "Steki, nyama yako hii hapa." Anaipokea, anaifuta kwenye aproni, anaila pale pale mbele yao. Walijaribu kumbadilisha jina wamwite Karoti, halikushika.

Siku ile ile, jioni, niliweka sufuria mbili jikoni. Moja yangu, ya nyama, maana mimi sehemu yangu bado sijaimaliza na sina mpango wa kuimaliza karibuni. Ya pili ya maharage. Hapo ndipo nilipogundua kwamba maisha yangu yote sijapika maharage bila kutupia mfupa. Nilisimama na mfupa mkononi, mazoea yananivuta, paka ananitazama kwa matumaini. Nikaurudisha. Nikatia kitunguu, nikatia nyanya, nikaonja, nikashindwa kujua kinachokosekana ni nini, maana ulimi wenyewe ulikuwa umeungua.

Nikampakulia. Nikaketi mbele yake. Hata sahani yangu sikuigusa.

Akala kijiko cha kwanza, polepole. Akala cha pili. Akajifuta midomo, akanitazama, akasema, "Mikono yako ina baraka."

Na mimi nikaiona ile sura. Nilikuwa nimeitazama miezi kumi na minane bila kuijua, na asubuhi ile nilikuwa nimeiona ikinyanyua uma mbele ya watu. Sasa naijua kama ninavyoijua njia ya kwenda bucha.

"Steki," nikasema, taratibu, si kwa hasira. "Sema kweli."

Akatazama chini, kwenye viatu. Halafu akaacha viatu, akanitazama mimi.

"Hayana chumvi," akasema. "Na hayajaiva."

Nilicheka mpaka nikalia, naye akaanza kucheka, kwa woga kwanza. Nikainuka, nikaleta chumvi, nikairudisha sufuria motoni, na tukakaa pale jikoni tukingoja maharage yaive.